Sura ya Tano: Ndoo Mbili

"Sisi tutatupa nini, na chakula chenyewe hakitoshi?"

Ukianzisha habari ya takataka za jikoni mbele ya akina mama wa Butembo au Beni, hilo ndilo jibu la kwanza, na linakuja kama swali. Nimelisikia mara nyingi hata sasa nalisubiri. Na haki wanayo. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika vijiji vya Beni yamewafungia wakulima wengi njia ya mashamba yao. Muhogo uliokosa wa kuuchimba unaozea ardhini, na ule unaofika sokoni bei yake imepanda. Nyumba inayopika mara moja kwa siku, ukiiambia ipunguze kutupa chakula, itaona unaitania.

Ila ikifika siku ya salongo, ile kazi ya pamoja tuliyoachiwa na enzi za Mobutu, mama yule yule anashika jembe na kuvuta kutoka kwenye mfereji ulio mbele ya nyumba yake donge jeusi linalonuka. Ndani yake mna maganda ya ndizi, majani ya nje ya mashu, mabua ya sombe, majivu, na sashe zilizovisokota vyote pamoja kama kamba. Hakuna aliyetupa chakula, lakini mfereji umeziba. Donge hilo limetoka jiko gani?

Limetoka kila jiko, na bila mtu kufuja hata tonge moja.

Uzito uko kwenye maganda

Tunaposema "kutupa chakula" tunachanganya vitu viwili. Kuna chakula kilichokuwa cha kuliwa kikaharibika, mfano maharagi yaliyochacha usiku au viazi vilivyooza chini ya gunia. Halafu kuna sehemu ambayo hailiwi tangu mwanzo: ganda, bua, mfupa, kokwa, pumba. Cha kwanza ni hasara ya mfuko. Cha pili hakikwepeki. Anayekula ndizi lazima amenye.

Tofauti hii inatusaidia kusoma takwimu za wakubwa bila kutishika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 likisema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na sehemu 60 kati ya 100 zilitoka majumbani. Hizo za majumbani peke yake ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Mama wa Butembo akisikia kilo 79 anacheka, na mimi ningecheka. Lakini hesabu ile inaingiza ndani maganda na mifupa pia. Ukiisoma hivyo, kicheko kinapungua.

Tupime wenyewe. Ukinunua kilo 10 za ndizi za kupika, karibu kilo 4 ni maganda. Kilo 10 za muhogo mbichi zinakuachia kilo moja na nusu hadi mbili za maganda. Sombe ina mabua yake, mahindi mabichi yana majani na magunzi, na maharagi mabichi yana vikoba vinavyojaza beseni kuliko punje zenyewe. Nyumba ya watu wanane, isiyobakiza hata punje ya wali, inaweza kujaza ndoo kila siku. Tena kadiri familia inavyokula vitu vya shamba badala ya vitu vya dukani, ndivyo ndoo inavyokuwa nzito. Benki ya Dunia ilipohesabu takataka za miji mwaka 2018 iliona jambo hilo hilo: katika nchi maskini zaidi ya nusu ya takataka ni mabaki ya chakula na majani, na katika nchi tajiri ni kama theluthi moja. Wao wanatupa makaratasi na vifungashio. Maganda yao yamebaki kiwandani.

Sasa ganda hilo limetoka wapi? Viazi, mashu, karoti na puaro za Butembo zinashuka kutoka Masereka, Luotu, Kipese na vilima vingine vya Lubero, ambako watu ni wengi, mashamba ni vipande vidogo vinavyoning'inia mlimani, na mvua huosha udongo kila msimu. Kila gunia linalopakiwa linaondoka na rutuba kidogo: nitrojeni inayokuza majani, na potasiamu inayojaza kiazi na ndizi. Tunakula kiazi, tunatupa ganda mferejini, mfereji unapeleka mto Kimemi. Magari yaliyoshusha viazi asubuhi yanapanda tena mlimani na chumvi, sabuni na abiria. Rutuba haimo. Kesho mkulima yule anaambiwa shamba lake limechoka.

Kwa kifupi: takataka nyingi za jiko letu hazitokani na uzembe. Ni maganda, na maganda ni mali ya udongo. Kosa linafanyika baadaye, pale yanapoingia ndoo moja na vitu vingine.

Butembo na Beni hazioziki sawa

Kabla ya kufika kwenye ndoo, tumalize ule upotevu wa kwanza, wa chakula kinachoharibika, maana ndio unaouma mfukoni.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa zipatazo 54 tu, lakini jiko linajua kwamba umehama. Butembo imekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na usiku mtu hujifunika blanketi. Beni iko chini kwa mamia ya mita, jirani na msitu na bonde la Semuliki, na joto lake ni la kweli. Vijidudu vinavyochachusha chakula vinapenda joto. Kwa hiyo sufuria ya maharagi iliyolala salama Butembo inaweza kuamka na povu Beni. Mama aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine na mazoea yake ya zamani atamwaga vyungu kadhaa kabla ya kujifunza.

Dawa yake ni rahisi, na bibi zetu waliijua. Maharagi yakibaki usiku, yarudishe motoni yachemke hasa, povu lipande sufuria nzima, kisha funika na usifunue tena mpaka asubuhi. Kila ukifunua "kuonja kidogo" unaingiza vijidudu vipya. Asubuhi yachemshe tena kabla ya kula. Wali ni mkaidi zaidi. Mbegu za vijidudu vyake hazifi kwa kuchemka, na zikilala kwenye joto zinatoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Beni, pika wali unaokwisha. Bugali iliyolala haina shida hiyo kubwa. Ikatwe vipande, ichomwe juu ya makala, inywewe na chai. Watoto wengine wanaipenda kuliko mpya, na sioni sababu ya kuwakatalia.

Butembo nayo ina adhabu yake. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa sababu hewa juu yake ni nyepesi na haiyabani. Kwenye mwinuko wa Butembo yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Unaona mapovu, unadhani moto unafanya kazi yote, kumbe maharagi yanaiva pole pole kuliko ya aliye bondeni. Makala yanateketea. Ndiyo maana kuyaloweka usiku kucha, jambo ambalo Beni ni akiba tu, Butembo ni lazima. Maharagi yaliyonywa maji tangu jioni yanaiva haraka zaidi, na ulichookoa ni makala, ambayo nayo ni mti uliokatwa mahali fulani, mara nyingi mahali pasiporuhusiwa.

Viazi vina adui mwingine: mwanga. Ukiviweka dirishani vinageuka kijani na kutengeneza sumu iitwayo solanini, chungu mdomoni na mbaya tumboni. Sehemu ya kijani ikatwe kwa unene wake na itupwe, mifugo wasipewe. Gunia likae gizani, juu ya mbao, hewa ipite. Ndizi mbivu nazo zitengwe. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo etileni, isiyoonekana wala kunuka, inayoyahimiza matunda jirani yaive. Ndizi moja mbivu katikati ya mkungu ni mwaliko kwa wenzake wote. Ukitaka parachichi liive haraka, lifunge pamoja nayo; usipotaka, vitenganishe.

Sashe moja

Ndoo ya kawaida ya jikoni ina maganda, majivu, sashe ya sukari, kizibo, betri ya redio iliyokufa, kiwembe, na karatasi ya biskuti ya mtoto. Kila kimoja kina mahali pake. Vikichanganywa, vyote vinakosa mahali.

Mbuzi akilamba sashe iliyopakwa mchuzi, anaimeza. Haisagiki wala haitoki. Inajikusanya na nyingine tumboni mpaka mnyama anakonda akiwa ameshiba, na mchinjaji ndiye anayekuja kugundua ugonjwa. Shambani, sashe iliyofukiwa inazuia maji na mizizi, na jembe la mwaka ujao linaifukua ikiwa nzima. Mkulima aliyewahi kuletewa mbolea yenye sashe na viwembe hatakubali tena gunia la mjini, hata la bure. Namwelewa.

Serikali ya Kongo ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 kupiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Rwanda ilikuwa na sheria yake tangu 2008, na Kenya iliifuata Agosti 2017. Huko unapovuka mpaka wanapekua mizigo. Kwetu, nenda soko lolote uone jinsi unga, mawese na hata ndimu mbili vinavyofungwa. Nadhani tusingoje amri iamke. Kapu la mkono bado linasukwa. Chupa ya mawese inaoshwa na kurudishwa kwa muuzaji. Na jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika linafunga bugali ya kwenda shamba vizuri kuliko sashe yoyote, likitupwa njiani linakuwa udongo.

Kuna zoea moja ninalolilaumu waziwazi: kuwasha mbabula kwa sashe. Najua sababu yake. Makala yana unyevu, watoto wanalia, sashe inashika moto mara moja. Lakini ule moshi mweusi una sumu zinazobaki mapafuni, tena sufuria iko juu yake. Magunzi makavu ya mahindi yanafanya kazi hiyo hiyo. Yaanike juu ya dari ya jiko, yatakutosha msimu.

Kwa hiyo ndoo ziwe mbili. Ya kwanza ni ya vinavyooza, ya pili ni ya visivyooza. Kinachotenganisha ni swali moja ambalo hata mtoto wa miaka mitano analiweza: hiki kilikuwa na uhai shambani? Mtu asiseme watu wetu hawabadiliki. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa, mpaka tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa imekwisha, ikiwa imeua watu 2,287, ndoo yenye bomba ilisimama kwenye milango ya makanisa, shule, maduka na nyumba zetu, na mkono ukajifunza kuielekea wenyewe. Hii ya sasa haidai hata maji.

Wa kwanza kula ndoo ni simbiliki

Ndoo ya kwanza ikishajaa, usikimbilie shimo. Kwanza walishe wanaoweza kula.

Katika nyumba nyingi za Kivu, ukiingia jikoni na kuinama, utawaona wakitoroka chini ya kitanda cha kuni: wadogo, wanene, wenye mabaka meupe na kahawia, wakipiga kelele ya filimbi kila wanaposikia kisu kikigusa ubao. Ni simbiliki, wengine huwaita kobai, na kule Bukavu dende. Sauti ya kumenya wanaijua kuliko sauti ya mwenye nyumba. Ukidondosha jani la mashu, linatoweka likivutwa upande mmoja na watatu.

Asili yao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nchi ya baridi na mwinuko, ndiyo maana Butembo wanastawi. Mimba yao ni kama miezi miwili, na jike huzaa wawili hadi wanne wakiwa wamefumbua macho na wanakimbia siku hiyo hiyo. Nyama yake ni ya mtoto, maana ndiye mara nyingi anayekabidhiwa kuwatunza na ndiye anayepewa ruhusa ya kumchinja mmoja. Katika nchi ya vita wana faida nyingine ambayo hakuna mtaalamu wa mifugo angeiandika zamani: ng'ombe huporwa, mbuzi huporwa, lakini simbiliki sita wanaingia kwenye kapu na kukimbia nawe.

Wape maganda ya viazi yasiyo ya kijani, majani ya karoti, majani ya nje ya mashu, maganda ya mahindi, maganda ya ndizi yaliyokatwa. Majani mabichi wasikose hata siku moja. Simbiliki, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, akilishwa pumba kavu peke yake fizi zinaoza na viungo vinavimba. Chakula kilichopikwa chenye chumvi na mawese si chao. Wala wasilale moja kwa moja ndani ya moshi. Kajenge kibanda cha fito pembeni, samadi iwe rahisi kuzolewa. Samadi hiyo ni kavu, haina harufu kali, na inaingia shimoni kama chumvi kwenye mchuzi.

Maganda ya muhogo mchungu yana sumu. Yaanikwe juani yakauke kabisa kabla mbuzi au nguruwe hawajapewa. Na anayefuga nguruwe asimpe mabaki yenye nyama ya nguruwe bila kuyachemsha, maana homa ya nguruwe inasafiri humo na inafagia banda zima.

Shimo la migomba

Kilichobaki kinakwenda shimoni. Wengi wetu tumekulia viwanjani penye shimo la takataka na migomba mitatu iliyonenepa kando yake. Shimo lile lilikuwa shule tosha, tuliharibu tulipoanza kulitupia kila kitu.

Mboji, yaani mbolea inayotokana na mabaki yaliyooza vizuri, inahitaji vitu vinne: kibichi, kikavu, maji na hewa. Kibichi ni maganda na samadi. Kikavu ni majani makavu ya mgomba, mabua, vumbi la mbao. Weka tabaka la kibichi, juu yake vikavu mara mbili yake, funika na udongo kidogo. Ikinuka kama yai bovu, imekosa hewa: igeuze kwa uma na uongeze vikavu. Ikikaa wiki mbili bila kupata joto, ni kavu mno au ni ndogo mno. Chomeka fimbo katikati, ichomoe baada ya muda, iguse. Ikiwa moto kama kikombe cha chai, kazi inakwenda. Beni utavuna mapema. Butembo, kwa baridi yake, vumilia mwezi au zaidi juu ya hapo. Mvua yetu ni nyingi, basi lundo lifunikwe na majani ya mgomba, la sivyo rutuba itashuka mlimani na maji.

Visiingie shimoni:
- plastiki, betri, vioo, viwembe;
- nyama, mifupa na mafuta, vinavyowaita panya na mbwa;
- majivu mengi kwa mara moja;
- sehemu yoyote ya mgomba wenye mnyauko.

Hilo la mwisho linahitaji maneno zaidi. Mnyauko wa migomba ni ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 na ukasambaa Kivu nzima. Ukikata mkungu unakuta utomvu wa njano, na ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Bakteria huyo anasafiri kwenye kisu na panga. Mkungu wa namna hiyo usimenyewe karibu na migomba yako, maganda yake yafukiwe peke yake mbali na shina, na kisu kipitishwe motoni. Nimeona watu wenye shimo safi wakiua migomba yao yote kwa kisu kimoja cha jikoni.

Vumbi la gunia

Chini ya kila gunia la makala kuna vumbi ambalo tumezoea kulimwaga. Lichanganye na udongo wa mfinyanzi, kama kopo moja la udongo kwa makopo manne ya vumbi, ongeza uji mwepesi wa unga wa muhogo, finyanga mabumba ya ukubwa wa yai, anika siku kadhaa. Hayawaki kwa haraka kama makala, hivyo usiyawashie chai ya asubuhi. Yaweke juu ya makala yaliyokwisha kushika, wakati maharagi yanamalizikia. Yatakaa saa nyingi.

Majivu ya makala na kuni yana potasiamu na yanapunguza ukali wa udongo wenye asidi, kama ulivyo wa vilima vyetu vingi. Konzi moja kuzunguka shina la mgomba inatosha. Viazi mviringo havipendi majivu mengi, huota upele.

Na mpangaji?

Mtu wa vyumba viwili Furu au karibu na soko la Kilokwa ataniuliza: shimo nichimbe wapi, ndani ya chumba? Simlaumu. Yeye afanye nusu ya kazi, ile ya kutenganisha. Ndoo ya maganda matupu ina wateja: jirani mwenye nguruwe, mama mwenye mchicha bondeni, kijana mwenye simbiliki. Ndoo iliyochanganywa haina hata mmoja. Wapangaji wa kiwanja kimoja wakikubaliana, gunia moja la maganda safi linatosha kumfanya mfugaji alifuate mwenyewe asubuhi.

Ndoo mpya usinunue. Tafuta bidoni ya njano ya lita 20 iliyopasuka mpini, ile uliyoiweka nyuma ya nyumba. Ikate juu kwa kisu cha moto, toboa matundu mawili, pitisha kamba, mwagia majivu kidogo chini ili isinuke. Iweke upande wa mkono unaoshikia kisu, na kesho umenye juu yake.